Fungate Ngorongoro, na sindano ya pepopunda



Siku hizi bi harusi akishatolewa, safari ni Ngorongoro. Ndege mpaka Arusha, gari mpaka Karatu, mkalale huko, asubuhi mshuke kreta mkapige picha. Mashaallah, hatuna neno. Tungependa tu mjue mnakanyaga ardhi gani.

Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipofika kwenye kreta hiyo aliwakuta Wamasai wakifa njaa. Sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe, na ndui ikawaangukia watu waliokwisha dhoofu. Wenyewe huiita miaka ile Emutai, yaani maangamizi. Ndui leo haipo duniani. Mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu Msomali, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, mwaka 1977. Hakuwa amechanjwa kwa sababu aliogopa sindano! Baadaye alizunguka nyumba kwa nyumba akiwasihi wazazi wawape watoto matone ya polio.

Zikabaki surua, kifaduro, dondakoo na pepopunda. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975, lakini mpango ni karatasi. Shughuli ni kuifikisha ile chupa kule Endulen ikiwa bado baridi, nyuzi 2 hadi 8, mvua zikinyesha na boma moja liko mbali na jingine. Kuanzia miaka ya 1980 Flying Medical Service ya Arusha ilikuwa ikipeleka chanjo kwa ndege ndogo, ikitua kwenye viwanja vya nyasi, na kina mama walikuja kwa miguu, mtoto mgongoni.

Sisi kliniki iko mtaa wa pili. Halafu tunaghairi kwa sababu ya sauti iliyosambazwa WhatsApp na mtu tusiyemjua hata jina. Kwa kweli hili linatuudhi.

Bi harusi, tunasema nawe hasa. Pepopunda humwingia mtoto mchanga kitovuni, kikikatwa kwa wembe mchafu au kikipakwa vitu visivyo safi, na visiwani kwetu nako wazee walikuwa na vyao vya kupaka. Mtoto anashindwa kunyonya, anakakamaa, na wengi hawaponi. Kinga yake anapewa mama: sindano 5 zikitimia kwa nafasi zake humlinda takriban umri wake wote wa kuzaa, naye mtoto huzaliwa na kinga ya miezi ya mwanzo.

Somo atakufundisha singo, udi na namna ya kukaa na mume. Hayo tunayapenda na tutaendelea kuyaandika hapa. Ila huyo somo akufungulie na hili la sindano, na kama halijui, nendeni kliniki pamoja. Kadi uitie sandukuni, chini ya kanga za doti, kabla hujakata tiketi ya Arusha.