Mizani ya Msaada Ishikwe na Nani?

Mwaka 2005, mkutanoni Hong Kong, Shirika la Biashara Duniani lilianzisha mpango wa kuzisaidia nchi maskini zipate kufanya biashara. Tangu hapo fedha za wafadhili zimemiminwa mipakani. Palifunguliwa kituo cha pamoja Chirundu, baina ya Zambia na Zimbabwe, mwaka 2009, ili mzigo ukaguliwe mara moja badala ya mbili. Na Busia, baina ya Kenya na Uganda, mwaka 2018.

Hatukatai kuwa magari ya mizigo yapita upesi. Walakini gari si biashara yote. Bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 zina cheti chepesi, kitolewacho mpakani; na bado wako akina mama wapitao njia za panya na makapu yao kichwani. Je, hao wamehesabiwa?

Sisi wenye maduka twajua: muuzaji hajikagulii mizani yake. Basi na mfadhili asijipimie msaada wake kwa mkaguzi amlipaye mwenyewe. Waulizwe wachukuzi na wanunuzi: Rushwa imekoma? Bei imeshuka? Jengo lisiloweza kujibu hayo, hata likiwa zuri namna gani, ni jengo tu.