Taarab asilia mpya: Nani atawalipa watunzi vijana?

WAKAZI wa Wazo, Tegeta na Bunju wanaotaka kusikia kanuni, udi na fidla vikipigwa pamoja, bila kinanda cha umeme, hawana budi kufunga safari. Kumbi zinazokaribisha muziki wa namna hiyo, kama vile Alliance Française ya Upanga na Nafasi Art Space ya Mikocheni, ziko mbali nao, na chimbuko la muziki wenyewe liko ng'ambo, Unguja. Kilicho karibu ni spika za shughuli za mitaani, ambako taarab hupigwa kutoka kwenye kompyuta, ikipokezana na singeli hadi usiku wa manane.

Hata hivyo, katika kipindi cha zaidi ya miaka 20 Zanzibar imetoa kizazi cha wanamuziki ambao hawaridhiki kurudia nyimbo za marehemu. Wanatunga. Kundi la Siti & the Band, lililoanzishwa mwaka 2015 chini ya mwimbaji na mpiga udi Siti Amina, lilitoa albamu yake mwaka 2018. Kabla yao, mpiga kanuni Rajab Suleiman, anayefahamika pia kwa miaka yake katika Culture Musical Club, alikusanya kundi dogo la Kithara, na rekodi yao ikatolewa na kampuni ya Ufaransa mwaka 2014. Haya ni makundi ya watu wachache, kila mmoja na ala yake, wanaosikilizana wao kwa wao kabla ya kusikilizwa na hadhira.

Vijana wengi wa mkondo huu wametokea katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, maarufu kwa kifupi chake cha Kiingereza, DCMA, kilichofungua milango mwaka 2002 katika jengo la zamani la Forodha, Mji Mkongwe. Hapo mwanafunzi alifundishwa kusoma nota za Kizungu na wakati huohuo kuyajua makamu ya Kiarabu kwa sikio, kama walivyofundishwa wazee. Mchanganyiko huo ndio uliofanya utunzi mpya uwezekane. Anayejua kuandika nota anaweza kumkabidhi mpiga fidla kazi aliyoitunga jana. Asiyejua hulazimika kuiimba mara kumi, na akiondoka duniani huondoka nayo.

Kuiita taarab asilia muziki wa klasiki si kujikweza. Ina vyama vyenye umri wa kuheshimika, ukiwamo Ikhwani Safaa ulioundwa mwaka 1905, na Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, wakati nchi nyingi za jirani hazijawahi kusikia lugha zao kwenye santuri. Dar es Salaam nayo ilikuwa na vyama vyake, Egyptian na Al-Watan, vilivyoshindana vikali enzi za ukoloni. Zaidi ya yote, ina bashrafu: kipande cha ala tupu, kisicho na shairi wala mwimbaji, ambacho kwa desturi hufungua onyesho. Bashrafu ndiyo mahali ambapo mtunzi huonekana akiwa peke yake, bila kujificha nyuma ya maneno.

Na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Uchumi wa taarab ulijengwa juu ya kutunza. Mama anayeinuka kitini na noti mkononi huinuka kwa sababu ya neno: fumbo limemgusa, au analitaka limguse jirani aliyeketi meza ya pili. Kanuni haina fumbo. Hakuna anayeinuka kumtunza mtu kwa kuhama makamu kwa ustadi, hata kama ukumbi mzima umesisimka. Kwa hiyo tangu zamani mtunzi wa ala aliishi kwa mgongo wa mwimbaji, na mwimbaji kwa mgongo wa mshairi.

Taarab ya kisasa iliyoshika jiji kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa vikundi kama Muungano, TOT na East African Melody, na baadaye Jahazi, iliumaliza mjadala huo kwa hesabu rahisi. Kinanda kimoja cha umeme kinafanya kazi ya fidla nne, akodiani na kanuni. Watu sita wanagawana mapato yaliyokuwa yakigawanywa kwa watu kumi na watano au zaidi. Ukumbi wa Travertine, Magomeni, ulijaa, na haukujaa kwa bahati mbaya. Mashabiki walipata walichokitaka. Ni makosa kuwalaumu. Lakini bei ililipwa na ala zenyewe, kwani kinanda cha kawaida hakina zile sauti za katikati ambazo mpiga kanuni huzipata kwa kuinua vijichuma vidogo kando ya nyuzi zake. Makamu kadhaa yakapotea kimyakimya, bila mtu kuyazika.

Muziki usiojilipia kwa mlango wala kwa kutunzwa huhitaji mfadhili. Kwa miaka mingi mfadhili huyo amekuwa mgeni. Mwaka 2016 tamasha la Sauti za Busara, lililokuwa likifanyika kila Februari tangu mwaka 2004, halikufanyika kwa kukosa fedha. Mwaka 2019 ikawa zamu ya DCMA: uongozi wake ulitangaza hadharani kwamba chuo kinaweza kufungwa, kwa kuwa wafadhili wa nje waliokibeba walikuwa wamepunguza mkono na ada za wanafunzi, wengi wao wa familia za kipato cha chini, hazitoshi. Vyote viwili viliinuka tena. Ila chuo kinachoishi kwa miradi ya mwaka mmoja mmoja hakiwezi kumwahidi kijana kwamba kazi aliyoianza itapata wapigaji atakapoimaliza.

Hoteli za pwani zimeziba sehemu ya pengo hilo. Zinatoa ajira ya kila jioni, nayo si haba. Lakini mgeni anayekula pweza hajaja kusikia utunzi mpya, na mara nyingi humwomba mpiga udi wimbo uleule wa salamu ambao Them Mushrooms wa Kenya waliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kijana aliyesoma miaka mitatu anaishia kuwa mapambo ya chakula cha jioni.

Wenzetu kwingineko wamelitatua suala hili kwa kumlipa mtunzi kabla ya kumlipa mwimbaji. Kundi la Kronos Quartet la San Francisco, lenye fidla mbili, viola na selo, lilianzishwa mwaka 1973 na limejijengea jina kwa kuagiza kazi mpya. Mwaka 1992 lilitoa albamu ya watunzi wa Afrika, akiwamo Justinian Tamusuza wa Uganda, ambaye aliandika kwa ajili ya ala hizo za Ulaya huku masikio yake yakiwa kwenye ngoma na vinanda vya Buganda. Mwaka 2015 likaanza mradi wa kuagiza kazi 50 na kuzitoa nota zake bure kwenye intaneti, ili kundi lolote la vijana duniani liweze kuzipiga. Miongoni mwa walioitwa ni mpiga balafoni wa Mali, Fodé Lassana Diabaté. Agizo la kazi ni jambo dogo kiutaratibu: kundi linamwambia mtunzi, tuandikie dakika kumi, hii hapa fedha yako, na tutaipiga tarehe fulani.

Utaratibu huo ni mgumu kuuona nchini. Mfuko wa utamaduni na sanaa uliofufuliwa Bara mwaka 2022 hutoa mikopo, na mkopo unamfaa msanii mwenye bidhaa ya kuuza upesi. Mtunzi wa bashrafu ataurejesha kwa nini? Hakimiliki nayo ina mpaka baharini: Bara inafuata sheria ya mwaka 1999, Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na chombo chake, COSOZA. Kazi iliyotungwa Malindi na kupigwa Magomeni imeshavuka mamlaka mbili kabla mtunzi hajapata hata nauli.

Serikali zinajua kugharamia urithi pale unapokuwa wa mawe. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, na sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Desemba 25, 2020 na kuua, nchi nzima ilishtuka, na kwa haki. Makamu yanapoporomoka hayatoi vumbi.

Kuna dalili moja ambayo wapenzi wa taarab asilia huipuuza, pengine kwa dharau. Singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa kama Manzese na Tandale, ulipoanza ulikata vipande vya ala kutoka kwenye taarab na kuvikimbiza kwa kasi kubwa. Maana yake vijana wa pembezoni mwa jiji waliisikia fidla na kinanda, wakazipenda sauti hizo, na wakazitumia kwa namna yao. Masikio yapo. Kundi la watu watano lenye kanuni, udi, fidla, akodiani na dumbaki linaweza kuvuka kwa boti ya asubuhi kutoka Unguja na kupiga jioni katika ukumbi wa shule yoyote kati ya Wazo na Mbagala, bila mitambo mikubwa wala jukwaa. Gharama yake ni nauli, malazi ya usiku mmoja na ujira wa wapigaji, pamoja na kiasi cha mtunzi ambacho mpaka sasa hakina fungu katika bajeti yoyote ya halmashauri za jiji hili.