Bosi mkali hupata habari mzigo ukishaoza

Msimu uliopita nilipakia vitunguu Mang'ola kwenda Nairobi. Nikiwa Namanga nasubiri, nilimpigia dereva mara nne, na kila mara alinijibu, "Niko njiani, bosi." Kumbe lori lilikuwa limelala Makuyuni tangu usiku, springi imekatika. Alinyamaza kwa sababu safari ya nyuma, tairi lilipopasuka, nilimtukana mbele ya utingo wake. Angesema usiku ule ule, ningetafuta gari jingine Arusha. Alipofika, magunia ya chini yalishalainika na mteja alishanunua kwa mwingine.

Wataalamu wa kazi wana jina lake: akili hisia. Ni kuitambua hasira yako kabla haijafika mdomoni, na kuiona hofu ya mwenzako. Wengi wetu tunadhani ni mambo ya maofisi yenye viyoyozi. Mimi naona yanatuhusu zaidi sisi, maana mfanyakazi wetu yuko mbali na jicho letu pekee ni simu yake.

Miaka ya 1990 Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini. Wodi zenye uongozi mzuri zilionekana kuwa na makosa mengi kuliko nyingine! Maelezo yake ni kwamba huko watu hawakuogopa kuyasema.

Wapo watakaosema upole huzaa wizi. Dereva anayeuza dizeli ya bosi afukuzwe, sina ubishi. Lakini springi kukatika si wizi.

Tena tumerahisishiwa njia. Pale Namanga maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja, na bidhaa zilizo kwenye orodha, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa cheti rahisi cha uasili. Saa tunazookoa pale tunazichoma wenyewe kwa simu isiyosema kweli.

Nimepatana na dereva wangu: akinipigia mara tu tatizo linapotokea, matusi hakuna. Juzi alipiga saa nane usiku akiwa Longido. Cheti cha afya ya mimea kimebaki Arusha. Nilikata simu, nikanywa maji, nikampigia tena. Cheti kilikuja na Noah ya kwanza asubuhi, na kabla ya saa sita lori lilikuwa upande wa Kenya.