Karatasi ya kolesteroli ina nambari nne, usisome moja tu

Msomaji mmoja, mwanafunzi wa chuo hapa Nairobi, ameniandikia kuhusu babake mwenye umri wa miaka 52. Mzee huyo ni dereva. Alipimwa damu kwenye kliniki ya mtaani akapewa karatasi na pakiti ya tembe. Karatasi ameichomeka ndani ya Biblia, tembe ameziweka juu ya kabati na hajazigusa tangu siku hiyo. Sababu anazo tatu: yeye si mnene, hasikii maumivu popote, na kolesteroli ni ugonjwa wa matajiri. Binti amenakili kila kilichoandikwa na kuuliza ni nani mwenye haki, babake au daktari.

Nambari zenyewe ni hizi: kolesteroli yote 6.4, LDL 4.4, HDL 0.9 na trigliseridi 2.4. Presha yake ilikuwa 150 kwa 95, na anavuta sigara. Kwa kuwa najua karatasi kama hiyo imo katika nyumba nyingi za wasomaji wangu, hebu tuisome pamoja.

Kwanza, kolesteroli si sumu. Ni aina ya mafuta yanayofanana na nta, na mwili hauwezi kuishi bila hayo. Kuta za kila seli huyahitaji. Homoni za kiume na za kike hutengenezwa kutokana nayo, na ini huyatumia kutengeneza nyongo ya kusaga vyakula vya mafuta. (Walimu wa Kiswahili huyaita lehemu, neno lile lile analolitumia fundi wa bati kwa risasi ya kuungia. Kwa jinsi yanavyoganda ndani ya mishipa, jina hilo si baya hata kidogo.) Sehemu kubwa ya kolesteroli haitoki kwenye sahani. Ini lenyewe huitengeneza usiku na mchana, na ndiyo sababu mtu mwembamba kama ufito anaweza kuwa nayo tele.

Tazama supu ya mifupa inapopoa. Mafuta huelea juu, hayataki kuchanganyika na maji. Damu nayo ni maji kwa sehemu kubwa, kwa hivyo mwili huyafunga mafuta katika vifurushi vidogo vyenye protini ili yaweze kusafiri. LDL ni vifurushi vinavyobeba kolesteroli kuipeleka kwenye seli. Vikizidi, huanza kupenya kwenye ukuta wa mshipa na kuacha mzigo humo. HDL ni vile vinavyookota mabaki na kuyarudisha kwenye ini. Mwaka 1985 Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao iliyoonyesha kwamba seli, hasa za ini, zina kama milango ya kuiondoa LDL katika damu. Wapo watu waliorithi milango michache kutoka kwa mzazi, na LDL yao huwa juu tangu utotoni, wawe wanene au wembamba.

Kuhusu maumivu, hapo ndipo wengi hupotea. Mshipa unaozibika haulii. Uchafu hujijenga humo miaka 20 au 30 huku mtu akienda kazini, akicheza na wajukuu na kula vizuri. Kisha siku moja utando unaoufunika hupasuka, damu huganda juu yake, na katika dakika chache njia imezibwa. Ikiwa ni mshipa wa moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni wa ubongo, ni kiharusi. Mtu wa namna hii akikuambia kwamba alikuwa mzima hadi jana yake, anasema kweli kadiri alivyojua.

Sasa nambari. Angalia kwanza kipimo kilichoandikwa kando yake. Maabara zetu nyingi hutumia milimoli kwa lita, ilhali Wamarekani hutumia miligramu kwa desilita. Ile 6.4 ya mzee wetu ingeandikwa takriban 247 kule. Nimewahi kumwona mtu aliyesoma kitabu cha Kimarekani akifurahi kwamba amepata 6 mahali ambapo wengine wana 200!

Kolesteroli yote hupendelewa iwe chini ya 5.2, lakini nambari hii peke yake hudanganya kwa sababu imejumlisha mwema na mwovu. Mama mwenye 5.6 ambaye HDL yake ni 2.0 hayuko mahali pamoja na bwana mwenye 5.6 ambaye HDL yake ni 0.8. HDL huhesabiwa kuwa ya chini ikiwa haifiki 1.0 kwa wanaume au 1.3 kwa wanawake. Trigliseridi, ambayo ni mafuta ya akiba, inafaa iwe chini ya 1.7. Pombe, sukari nyingi, unene wa tumbo na kisukari kisichodhibitiwa huipandisha upesi.

LDL ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Kwa mtu mzima asiye na tatizo lingine, chini ya 2.6 ni nzuri sana, na kuanzia 4.1 kwenda juu imezidi. Lakini hakuna kiwango kimoja cha kila mtu. Aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo hutakiwa aishushe chini ya 1.8, na hata 1.4 kwa kanuni za Ulaya za mwaka 2019. Daktari hupima LDL pamoja na umri, presha, sigara, kisukari na historia ya jamaa. Mzee wetu ana LDL ya 4.4, HDL ya chini, presha ya juu, sigara, na amepita miaka 50. Binti, daktari ndiye mwenye haki.

Hata hivyo, kipimo kimoja si hukumu. Maabara nyingi hazipimi LDL moja kwa moja. Huikokotoa kutokana na zile nambari nyingine tatu, na hesabu hiyo haifai trigliseridi ikipita 4.5. Siku hizi si lazima kila mtu afunge kula kabla ya kupimwa, ila trigliseridi ikionekana juu utaambiwa urudi asubuhi bila kula kitu kwa saa 9 hadi 12. Maji hayakatazwi. Mja mzito hupanda, aliye mgonjwa sana hushuka, na tezi ya shingo iliyolegea kazi huweza kuipandisha LDL bila kosa la chakula. Ugonjwa wa tezi ukitibiwa, LDL nayo hushuka.

Nasikia tayari mtu akisema: "Mbona Wamaasai hula nyama na maziwa na hawana neno?" Swali hilo liliulizwa zamani. Daktari George Mann kutoka Marekani aliwapima wanaume wa Kimaasai wa Tanganyika na kuchapisha matokeo mwaka 1964: kolesteroli yao ilikuwa chini, na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa haba mno. Wanaotetea nyama choma husimamia hapo. Mwaka 1972 Mann na wenzake walieleza walichokiona katika mioyo ya Wamaasai 50 waliofariki. Mafuta yalikuwa yamejijenga katika kuta za mishipa kama ya wazee wa Kimarekani, ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia. Mann aliamini ni kwa sababu ya mwendo wao wa kila siku. Wewe unayekaa kwenye foleni ya magari saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, kisha ukaagiza mbavu nusu kilo, usijifananishe nao.

Jiji lina njia zake za kuubadilisha mwili. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliohama kutoka mashambani magharibi mwa Kenya kuja Nairobi. Presha yao ilianza kupanda mapema baada ya kufika, huku chumvi mwilini ikiongezeka.

Upande wa jikoni, tazama mkebe wa mafuta ya kupikia. Yale maandishi makubwa kwamba hayana kolesteroli ni kweli, lakini hakuna mafuta ya mimea yaliyo nayo! Cha kutafuta ni yale yanayoganda. Mafuta ya mawese takriban nusu yake ni ya aina inayopandisha LDL, na ya nazi ni zaidi. Ya alizeti na ya mahindi yana nafuu, mradi usiyachemshe siku tano kukaangia chipsi. Yai moja kwa siku halimdhuru mtu mzima mwenye afya. Maharagwe, ndengu, njugu, parachichi na samaki ni rafiki za moyo, na bei yake si ya matajiri. Kitunguu saumu ni kiungo kizuri, ila hakichukui nafasi ya tembe.

Tembe hizo zinazoitwa statini zilianzia kwenye ukungu. Mjapani Akira Endo alichunguza aina elfu kadhaa za ukungu na viumbe vidogo hadi akaipata ya kwanza mwaka 1973. Mwaka 1994 matokeo ya wagonjwa 4,444 wa moyo huko Skandinavia yalionyesha kwamba vifo vilipungua kwa asilimia 30 miongoni mwa waliozimeza, ikilinganishwa na waliopewa tembe zisizo na dawa. Misuli ikiuma bila sababu, mwone daktari kabla ya kuacha. Mja mzito hapewi kwa kawaida. Wengine hukatazwa balungi, kwa hiyo uliza. Damu hupimwa tena baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, na ikiwa LDL imeshuka, fahamu kwamba imeshushwa na tembe. Ukiziacha itarudi ilikokuwa.

Sigara nayo lazima iachwe. Hakuna tembe ya kuifidia.

Kwa wengine nyumbani: ikiwa baba au kaka alipata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, ndugu na watoto wapimwe hata wakiwa vijana. Na ikitokea mtu akabanwa kifua kama amewekewa jiwe, uchungu ukapanda taya au kushuka mkononi, jasho baridi likamtoka, asipewe soda wala kuambiwa alale kidogo aone. Wenye kisukari na akina mama huenda wasihisi kifua kabisa, wakaona tu uchovu wa ghafla, kichefuchefu au pumzi kukatika. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na usimwache aendeshe gari mwenyewe.