Kidonge pekee hakitatosha kuponya sonona

MAHAKAMA Kuu ilipoamua Januari 9, 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba, Kenya ilipiga hatua iliyokuwa imengojewa kwa muda mrefu. Chini ya kifungu hicho, aliyenusurika baada ya kujaribu kujitoa uhai angeweza kufungwa hadi miaka miwili, kutozwa faini, au kupewa adhabu zote mbili. Jaji Lawrence Mugambi alilitegua fundo la sheria. Fundo la matibabu lingalipo.

Ni kweli kwamba si kila anayejaribu kujiua ana sonona, wala si kila mwenye sonona hufikia hatua hiyo. Hata hivyo, maradhi haya ni miongoni mwa yale yanayohusishwa mno na vifo vya aina hiyo, nayo yanatibika. Kwa hivyo, yafaa tujiulize: aliyeepushwa na seli anapelekwa wapi?

Sonona si huzuni ya kawaida. Ni majonzi, au kukosa hamu ya mambo yote, karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki mbili, pamoja na usingizi kuvurugika, uchovu, kujilaumu na kushindwa kumudu shughuli za kila siku.

Dawa zipo. Fluoksetini na amitriptilini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO), na kwa kuwa hakimiliki zake ziliisha zamani, hutengenezwa na kampuni nyingi. Lakini dawa hizi huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, ilhali kichefuchefu au kinywa kukauka huanza siku za mwanzo. Mgonjwa asiyeelezwa hayo huzitupa akidhani hazifai. Mwingine huziacha ghafla punde apatapo nafuu, ingawa anapaswa kuendelea nazo kwa miezi kadhaa, na kuziacha polepole akiongozwa na daktari. Vijana nao huhitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi mwanzoni mwa tiba.

Isitoshe, WHO inashauri kwamba sonona isiyo kali itibiwe kwanza kwa mazungumzo ya kitaalamu, si kwa vidonge. Iliyokomaa huhitaji mara nyingi tiba zote mbili. Hapa ndipo pengo letu lilipo. Kidonge chaweza kusafirishwa hadi zahanati ya mashinani. Mwanasaikolojia hasafirishwi hivyo, na wengi wao wako mijini.

Majirani wetu wametuonyesha njia. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwahusisha wakazi wa vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Vikundi vilikutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Mwishoni, ni asilimia 6.5 pekee ya walioshiriki waliobaki na sonona kali, ikilinganishwa na asilimia 54.7 ya wale ambao hawakupewa tiba hiyo. Huko Zimbabwe, Profesa Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza akina nyanya kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya kliniki za Harare, na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine.

Kenya haihitaji kuanza upya. Mwaka 2020, jopokazi lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe janga la kitaifa. Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho mwaka 2022. Mwaka uliofuata, serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, ambao huenda nyumba hadi nyumba.

Wapo watakaosema kuwa wahudumu hao tayari wamelemewa. Hoja hiyo ina uzito. Kuwatwika kazi ya kusikiliza machungu ya watu bila mafunzo, posho ya wakati na mtaalamu wa kuwasimamia kutawaumiza wao na wagonjwa pia. Ndiyo maana serikali za kaunti zapaswa kuitengea kazi hii fedha bayana katika bajeti, na kila hospitali ya kaunti ndogo iwe na afisa wa kupokea wagonjwa wenye hali mbaya zaidi.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Mahakama imempa mgonjwa ruhusa ya kutoyaficha. Sasa kaunti zihakikishe kwamba akijitokeza atampata wa kumtibu.