Mwenda Ng'ambo Kupunguza Unene, Marejeo ni Nyumbani

Katika vyumba vya walimu na katika ofisi za umma kumezuka mazungumzo ambayo miaka ishirini iliyopita hayakusikika. Mtumishi aliyeelemewa na unene haulizi tena habari za kuacha soda wala za kutembea kwa miguu. Anauliza habari za nauli. Ni fedha kiasi gani kwenda Uturuki? Ni kiasi gani kwenda India? Je, chama cha akiba na mikopo kitamkubalia? Na ndani ya simu yake zimejaa picha za watu asiowajua, kila mtu na picha zake mbili: ya kwanza amenenepa na kununa, ya pili amekonda na anacheka.

Maswali hayo yanastahili kujibiwa hadharani, maana wanaoyajibu leo ni wafanyabiashara. Na katika kuyajibu, makala haya yatapingana na makundi mawili. La kwanza ni la wale wanaowacheka wanene na kuwaita walafi na wavivu. La pili ni la wale wanaowauzia safari kana kwamba safari ndiyo dawa.

Tuanze na wenye kicheko. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kwamba unene uliopindukia ni ugonjwa sugu. Kipimo chake si siri: uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa kimo chake kwa mita, na jibu hugawanywa tena kwa kimo hicho hicho. Likifika 25, mtu amezidi uzito. Likifika 30, unene wake umepindukia. Kwa kipimo hicho, uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100 wa Tanzania walio katika umri wa kuzaa walikuwa wamezidi uzito au wamenenepa kupindukia. Je, wote hao ni walafi? La hasha. Miji imekua, kazi za kukaa kitini zimeongezeka, mafuta na sukari vinapatikana kila kona, na sembe imeiondoa dona mezani. Tena mwili ukishanenepa huupigania unene wake: mtu akipunguza chakula, njaa huzidi, na mwili nao hubana matumizi. Ndiyo maana wengi hupunguza kilo kumi kwa jasho, kisha kilo zote kumi zikarudi.

Wala tusisahau unafiki wetu. Ni sisi hawa hawa tuliomsifu mwenye kitambi kwamba cheo kimemkubali. Leo tunamcheka akitweta kwenye ngazi za ofisi.

Upasuaji wenyewe nao si uchawi wala si anasa. Mwaka 1966 Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliasisi upasuaji wa kuligawa tumbo na kuunganisha sehemu ndogo ya juu na utumbo. Siku hizi unaofanywa zaidi ni ule wa kuondoa karibu sehemu nne katika tano za tumbo, likabaki mfano wa mrija mwembamba. Pamoja na tumbo kuwa dogo, hupungua pia homoni ya njaa inayotengenezwa katika sehemu iliyoondolewa. Utafiti ulioanza Sweden mwaka 1987, ukawafuata watu zaidi ya 4,000, ulitoa matokeo mwaka 2007 kwamba waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao wanene wasiopasuliwa. Mwenye kisukari, shinikizo la damu na magoti yaliyochoka ana haki ya kuifikiria tiba hiyo bila kuona haya.

Basi kosa haliko katika kisu. Kosa ni kuamini kwamba kisu ndiyo tiba yote. Kisu huchukua saa moja au mbili. Tiba huchukua maisha yote. Na anayekwenda ng'ambo kwa siku chache hununua zile saa mbili tu.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari mjini Sumbawanga, mwenye kimo cha mita 1.60 na uzito wa kilo 110. Kipimo chake ni 43. Kwa viwango vilivyowekwa na wataalamu nchini Marekani mwaka 1991, na hata kwa vile vilivyotolewa upya mwaka 2022, mwalimu huyo anastahili upasuaji. Hatumlaumu kwa kuutamani. Basi amekopa, amesafiri, amepasuliwa, na baada ya siku chache amerudishwa katika ndege. Anakaa kitini saa nyingi katika majuma yale yale ambayo damu ya aliyepasuliwa ni nyepesi kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni. Akishuka Dar es Salaam, mbele yake ziko zaidi ya kilomita 1,000 za basi.

Hatimaye amefika nyumbani. Lakini mshono wa tumbo waweza kuvuja, na aghalabu uvujaji huo hujitokeza baada ya mgonjwa kuruhusiwa, pengine katika juma la pili. Moyo huenda mbio, homa hupanda, maumivu huzidi. Hilo ni jambo la kuhesabiwa kwa saa, si kwa siku. Nani atampokea? Ni daktari wa zamu ambaye hakumpasua, hajui ni nini kilichokatwa na kilichoachwa, na mkononi ameshika karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Aliyempasua yuko bara jingine. Wakala aliyempeleka hapokei simu.

Natuseme Mwenyezi Mungu amemjalia na mshono haukuvuja. Bado safari ni ndefu. Akitapika kwa majuma mengi, vitamini B1 huweza kumwishia na kumdhuru ubongo na neva. Kukonda kwa haraka huleta vijiwe vya nyongo. Kadiri miaka inavyopita, damu huweza kukosa madini ya chuma na vitamini B12, na mifupa ikadhoofika. Ndiyo sababu hutakiwa kumeza vidonge kila siku na kupimwa damu kila mwaka, maisha yake yote. Ikiwa ni mwanamke, wataalamu humshauri asishike mimba kwa muda wa mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Na asipokuwa na mshauri wa lishe wa kumfuatilia, uzito nao waweza kurejea polepole. Je, katika bei aliyotajiwa, ni lipi kati ya hayo lililohesabiwa? Vidonge vya miaka thelathini vimo? Vipimo vya damu vimo?

Mataifa tajiri yamekwisha kuyaonja haya. Mwaka 2019 idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa iliwaonya raia wake waliokwenda kupasuliwa Tijuana, Mexico, baada ya baadhi yao kurudi na maambukizo ya bakteria sugu wasiosikia dawa kali. Wengi wao walikuwa wamekwenda kupunguza unene. Mwaka 2023 watu kadhaa wa Ulaya walirejea kutoka Uturuki wakiwa wamedhurika neva, misuli ikalegea, baada ya kudungwa tumboni sumu ya botulinamu kwa ajili hiyo hiyo ya kukonda.

Hapo tutambue tofauti moja kubwa. Mwingereza akienda Uturuki na mambo yakamharibikia, hurudi katika nchi yenye wapasuaji waliozoea kazi hiyo na huduma ya afya ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1948. Hulalamikiwa kwa kuitia gharama, lakini hupokewa. Mwalimu wetu wa Sumbawanga akirudi na shida ile ile, hana wa kumpokea aliyeizoea kazi hiyo. Kumwiga Mwingereza katika kuondoka, hali hatuna alichonacho yeye katika kurudi, ni kasumba.

Sasa tuwageukie wauza safari. Hatusemi kwamba wapasuaji wa India au wa Uturuki hawajui kazi. Wapo miongoni mwao mabingwa wa hali ya juu, na katika hospitali zenye uzoefu vifo vya upasuaji huu ni vichache. Tunayempinga ni wakala anayelipwa kwa kila kichwa anachokipeleka. Mtu wa namna hiyo hapati kitu kwa kumwambia mgonjwa, "Wewe hufai, rudi nyumbani." Hapimi figo wala hasomi cheti cha moyo. Yeye huhesabu abiria. Ni mrija ule ule wa zamani, ila safari hii umetiwa katika jeraha la mgonjwa. Na fedha anazozivuta ni mkopo wa mtumishi ambaye watoto wake wanangoja ada.

Wapo watakaosema: "Mwandishi anapiga siasa. Hapa nchini huduma haitoshi, mgonjwa afanye nini?" Hoja hiyo ni ya haki, na tusiikwepe. Lakini tujikumbushe. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba moyo wa Mtanzania hauwezi kupasuliwa ila nje ya nchi. Mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na wengi ambao zamani wangepandishwa ndege wakatibiwa hapa hapa. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikapandikiza figo kwa mara ya kwanza, ikishirikiana na wataalamu kutoka India. Huo ndio ushirikiano tunaoutaka. Bingwa mmoja akija kuwafundisha vijana wetu hutufaa kuliko wagonjwa mia wakimfuata kwake. Na kule Mloganzila, katika miaka ya karibuni, wameanza kuwawekea wagonjwa puto tumboni, lipitishwalo kinywani bila kupasua, likakaa miezi kadhaa kisha likatolewa. Puto si sawa na upasuaji, lakini ni dalili kwamba mlango umefunguka.

Kwa hiyo yafaa tudai mambo manne. Kwanza, hospitali za rufaa ziwe na kliniki za unene zenye daktari, mpasuaji, mshauri wa lishe na mshauri wa nafsi, na milango yake iwe wazi pia kwa aliyepasuliwa ng'ambo. Pili, mawakala wa matibabu ya nje wasajiliwe, na wawajibike kisheria kwa mgonjwa hata baada ya kurudi. Tatu, katika kuitekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023, unene uhesabiwe kuwa ugonjwa na usihesabiwe kuwa urembo. Nne, tujisahihishe wenyewe kazini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi mbele ya redio, wakatoka hapo kwenda kuchimba vyoo. Sisi tuliosoma kuliko wao tunashindwa hata kuondoa soda na maandazi katika semina zetu, zikiwamo semina za afya!

Na yule aliyekwisha kuamua kuondoka, hatutamfungia njia. Ila aulize kabla ya kulipa. Nani atanipasua, kwa jina, na amekwisha kufanya kazi hii mara ngapi? Vipimo vyangu vimesomwa na daktari au na wakala? Nitakaa karibu na hospitali kwa muda gani? Nitapewa taarifa kamili ya upasuaji kwa lugha inayosomeka hapa? Daktari gani nyumbani amekubali, kabla sijaondoka, kunifuatilia nikirudi? Akikosa jibu la swali hilo la mwisho, nauli aibakize mfukoni.

Wahenga walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mgonjwa ataizunguka dunia, lakini homa ya usiku wa manane itamkuta kitandani kwake, na atakayegongewa mlango ni mganga wa wilaya yake. Huyo mganga ndiye wa kumpa ujuzi, vifaa na dawa. Tukilifanya hilo, wengi hawataihitaji ndege, na yule atakayeipanda atakuwa na mahali pa kurejea.