Kiti cha Rais na Daftari Lake

Benjamin William Mkapa alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, tarehe 12 Novemba 1938, na Lupaso ndiko alikozikwa tarehe 29 Julai 2020. Katikati ya hapo alisoma Ndanda, Pugu, Makerere na Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Akahariri The Nationalist na Uhuru, halafu Daily News. Akawa balozi Nigeria, Kanada na Marekani. Akawa waziri, na kwa miaka 10, kuanzia 1995, akawa Rais wa Tanzania. Mtu aliyepita njia ndefu hivyo huacha vitu: viti, saa, miwani, vitabu vilivyopigwa mistari, suti, zawadi za wageni, rozari, barua. Toleo hili linahusu vitu kama hivyo, nami naomba kulifungua kwa hoja moja. Kitu cha kiongozi kina thamani pale tu kinapokuwa na maelezo yake: nani alikitengeneza, nani alikitoa, kilikaa chumba gani, nani alikifuta vumbi. Maelezo hayo yamo vichwani mwa watu walio hai, na watu hao wanazeeka.

Wamarekani wamelijua jambo hili kwa gharama kubwa. Thomas Jefferson, rais wao wa tatu, alifariki tarehe 4 Julai 1826 akiwa na deni lililozidi dola 100,000. Januari 1827 mali ya nyumba yake ya Monticello ikapigwa mnada: vitanda, meza, mifugo, na pamoja navyo watumwa 130. Taasisi iliyoinunua nyumba hiyo mwaka 1923 imekuwa ikizisaka samani zilizotawanyika, ikichambua barua za familia ili kujua meza ipi ilikaa wapi. Baadhi ya samani zile zilitoka kwenye karakana ya seremala John Hemmings, naye mtumwa, aliyeachiwa huru kwa wosia wa Jefferson. Mgeni anayeoneshwa kazi hizo sasa anatajiwa jina lake, na nafikiri hilo ndilo jambo la maana kuliko yote wanayoyafanya pale.

Msomaji wa Masasi hahitaji kuelezwa sana maana ya watu kuuzwa pamoja na viti. Misheni ya Masasi ilianza mwaka 1876, pale Askofu Edward Steere alipofika na watu waliokuwa wamekombolewa utumwani, akitokea Unguja. Wengi waliosombwa kutoka nchi hii ya kusini na bonde la Ruvuma kupelekwa Kilwa hawakuandikwa jina popote. Ndiyo maana sisi hasa, wa huku, tungepaswa kuwa wa mwisho kuridhika na jumba la kumbukumbu linalotaja jina la mkubwa peke yake. Sanamu ya mpingo iliyochongwa na fundi wa Kimakonde, kisha Ikulu ikampa mgeni wa nchi, huandikwa jina la aliyetoa na aliyepokea. Jina la mchongaji nalo liandikwe.

Hapa kwetu kazi hii ina mifano. Butiama pana Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999, mwaka aliofariki. Zawadi alizopewa ziko humo pamoja na vitu vyake vya kawaida. Magomeni, Dar es Salaam, nyumba aliyoishi wakati wa harakati za uhuru inatunzwa. Makumbusho ya Taifa yana magari ya viongozi. Na mwaka 2004 Bunge lilitunga Sheria ya Kuwaenzi Waasisi wa Taifa, iliyoweka msingi wa kukusanya na kutunza nyaraka na vitu vya Mwalimu na vya Sheikh Abeid Amani Karume. Rais aliyekuwa madarakani wakati huo ni Mkapa. Sheria hiyo inawahusu waasisi wawili tu. Yeye mwenyewe hayumo.

Tangu 2020 tumezika marais watatu makwao: Mkapa Lupaso, John Magufuli Chato mwaka 2021, Ali Hassan Mwinyi Mangapwani mwaka 2024. Naamini wakati umefika sheria ile ipanuliwe iwaguse wote waliokalia kiti kile. Familia isiachiwe mzigo huu peke yake. Mjane na watoto wana haki ya kubaki na kilicho chao, tena bila kubughudhiwa, lakini zawadi aliyopewa Rais kwa niaba ya nchi ni mali ya nchi, na mstari kati ya hivyo viwili uchorwe mapema, kwa maandishi, kabla ya ugomvi. Wakati wa mnada wa vitu vya Jacqueline Kennedy Onassis mwaka 1996, kiti cha kubembea cha mumewe wa kwanza, Rais John Kennedy, kiliuzwa kwa zaidi ya dola 400,000. Kilikwenda kwa mwenye fedha, na Wamarekani wa kawaida hawakuwa na la kufanya.

Kuna wanaotaka vitu vya Mkapa vionekane kwa sifa tu. Sikubaliani nao. Katika kitabu chake cha kumbukumbu, kilichotolewa mwaka 2019, yeye mwenyewe aliandika kwa uchungu kuhusu mauaji ya waandamanaji huko Pemba, Januari 2001. Aliandika pia juu ya ubinafsishaji uliobadili maisha ya wengi, wengine kwa neema na wengine kwa kupoteza ajira. Meza aliyofanyia kazi miaka ile ilipitiwa na maamuzi hayo yote. Tukiionesha meza na kuyaficha maamuzi, tutakuwa tumewaonesha watoto wa Lupaso ubao uliopigwa vanishi.

Kazi yenyewe haingoji jengo. Inaanza na daftari, namba, picha, na mtu mwenye subira wa kuwauliza mpishi, dereva, mshonaji, jirani wa kanisani. Mchwa wa kusini hawangoji bajeti. Kabati la mbao likiegemezwa ukutani msimu mmoja wa mvua linaweza kuliwa kwa ndani huku rangi yake bado inang'aa. Samani ziinuliwe kutoka sakafuni, ziachwe mbali na ukuta, zikaguliwe mara kwa mara. Vitabu na karatasi visifungwe ndani ya plastiki inayohifadhi unyevu.

Na wewe uliye Lupaso, Ndanda, Masasi au Newala, huenda unayo picha uliyopiga naye, au barua aliyokuandikia. Usikubali iondoke mikononi mwako bila maelezo. Kwenye picha, andika nyuma majina ya wote walioonekana, mahali na mwaka. Tumia penseli laini, usikandamize, kwa sababu wino hupenya hadi upande wa mbele. Kwenye barua usiandike chochote. Weka maelezo yake kwenye karatasi ya pembeni, ukitaja ulikuwa nani kwake na alikuandikia kwa ajili gani.